Mwanga wa miaka bilioni 2 unaopima ardhi ya Mbeya na Iringa

*Mwaka 1963 Maarten Schmidt, aliyewahi kupima nyota nchini Kenya, aligundua kwasari ni nini. Leo vipimo vya dunia nzima vimefungwa kwenye vitu hivyo. Nyanda za Juu Kusini, ambako ardhi yenyewe inapasuka, zina kila sababu ya kuvifahamu.*

Alhamisi ya Septemba 1, 2016, ilipokaribia saa sita mchana, mwanga wa jua ulianza kupungua pale Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya. Watu waliokusanyika waliinua nyuso, wengi wakiwa na miwani maalumu. Mwezi ulisogea mpaka ukafika katikati ya jua. Siku hiyo ulikuwa mbali kidogo na dunia, hivyo haukutosha kulifunika lote. Ukabaki ukingo unaowaka pande zote, pete kamili, kwa takriban dakika tatu.

Kabla ya siku hiyo Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa akieleza kwenye vyombo vya habari kitakachotokea na namna ya kukitazama bila kuumiza macho. Watu walimsikiliza. Wageni walitoka Dar es Salaam na nje ya nchi, na mji unaojulikana kwa mpunga wa Usangu ukawa kwa siku moja kituo cha astronomia cha Afrika.

Wengi walikwenda kuona, wakaona, wakarudi nyumbani. Kwa mwanaastronomia, hata hivyo, Mwezi unapopita mbele ya kitu kingine huwa ni nafasi ya kupima. Njia ya Mwezi inajulikana kwa usahihi mkubwa. Ukiandika ni sekunde ipi hasa mwanga wa kitu kilicho nyuma yake ulikatika, na ni sekunde ipi ulirudi, umekwishajua kitu hicho kiko wapi angani.

Miaka 54 kabla ya Rujewa, njia hiyo ilitumika kule Australia kukitafuta kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakijua. Kilichopatikana kimeingia, bila watu wengi kutambua, hadi kwenye vipimo vya viwanja vya Uyole na Mafinga.

Sauti isiyo na sura

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wahandisi waliokuwa wamezoea rada waligeuza antena zao juu na kukuta anga limejaa mawimbi ya redio. Wanasayansi wa Cambridge, Uingereza, waliyaorodhesha. Orodha yao ya tatu, iliyotoka mwaka 1959, ilikuwa na vyanzo 471, na kila kimoja kilipewa namba. Cha 273 kikaitwa 3C 273.

Tatizo lilikuwa moja. Darubini za redio za wakati ule zilisikia vizuri lakini hazikuweza kuonyesha kwa usahihi sauti inatoka wapi. Zilionyesha eneo, na ndani ya eneo hilo mlikuwa na nyota na galaksi nyingi. Ipi kati ya hizo inatoa mawimbi? Hakuna aliyejua.

Mwaka 1960 Allan Sandage na Thomas Matthews walifanikiwa kukioanisha chanzo kimoja, 3C 48, na kitu kilichoonekana kama nyota ya kawaida ya rangi ya samawati. Walipouchambua mwanga wake walikuta mistari ambayo haikulingana na elementi yoyote inayojulikana. Jambo likabaki hivyo, kitendawili bila jibu, kwa miaka miwili na zaidi.

Ndipo Cyril Hazard, mwanaastronomia Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Australia, alipoona kwenye hesabu zake kwamba Mwezi utapita mbele ya 3C 273 mwaka 1962. Darubini mpya ya Parkes, yenye sahani ya upana wa mita 64, ilikuwa imefunguliwa mwaka uliotangulia. Agosti 5, 1962 sahani hiyo ililazwa chini kupita kiwango chake cha kawaida, maana Mwezi ulikuwa karibu kuzama. Mawimbi yakakatika. Yakarudi. Wakaandika saa.

Jibu lilikuwa la kushangaza. Chanzo kilikuwa na sehemu mbili zilizo karibu sana. Moja ilikaa juu ya kitu kama nyota hafifu ya samawati. Nyingine ilikaa kwenye ncha ya mstari mwembamba wa mwanga unaochomoza kutoka kwenye kitu hicho. Sasa mahali palijulikana, na aliyefuata alikuwa mtu mwenye darubini ya macho.

Kijana aliyepima nyota Kenya

Mtu huyo alikuwa Maarten Schmidt, Mholanzi aliyezaliwa Groningen mwaka 1929. Waandishi wa Ulaya na Marekani wanaposimulia habari zake huanza na Palomar, California. Sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kuanza kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa kijana msaidizi wa kituo cha astronomia cha Leiden, Schmidt alitumwa Kenya, kwenye ikweta, kupima mahali pa nyota.

Kwa nini ikweta? Hewa ya dunia hupinda mwanga wa nyota, hivyo nyota huonekana juu kidogo kuliko ilipo. Kosa hilo ni la wima tu. Ukiwa kwenye ikweta, nyota huchomoza na kuzama zikienda wima. Ukipima upande wa upeo wa macho inapochomozea nyota, badala ya urefu wake kutoka chini, umelikwepa kosa la hewa. Leiden ilikuwa imekwishafanya kazi hiyo Kenya tangu miaka ya 1930, na Schmidt alikuwa miongoni mwa walioimalizia awamu ya pili.

Ni kazi ya kuchosha. Usiku kucha jicho liko kwenye lenzi, mkono kwenye skrubu ya kipimo, nyota moja baada ya nyingine, na mwisho wa yote unapata orodha ya namba. Nia yake ni moja tu: kupata alama zisizosogea angani, ambazo kila kitu kingine kitapimwa kutoka kwazo. Shida ni kwamba nyota nazo husogea, polepole, kila moja kivyake. Aliyekuwa akiyapima hayo kwenye baridi ya nyanda za juu za Kenya hakujua kwamba miaka kama 12 baadaye angewapa wapimaji wa dunia alama bora kuliko nyota zote.



Alasiri ya Februari 5

Mwishoni mwa 1962 Schmidt, sasa akiwa katika taasisi ya Caltech, aliielekeza darubini ya Palomar yenye kioo cha mita 5 kwenye "nyota" ya 3C 273. Aliuchanganua mwanga wake katika rangi zake. Akakuta mistari mipana, tena isiyofahamika, kama ile ya 3C 48.

Alasiri ya Februari 5, 1963 alikuwa ofisini akiandika taarifa yake. Alipoitazama mistari tena aliona mpangilio: nafasi kati ya mstari na mstari zilikuwa zikipungua kwa utaratibu. Utaratibu huo kila mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha sita anaujua. Ni wa hidrojeni, elementi iliyojaa kuliko zote ulimwenguni. Schmidt akalinganisha, akakuta ni hidrojeni kweli, ila mistari yote imesogezwa kuelekea upande mwekundu kwa karibu asilimia 16.

Msomaji aliyesimama kando ya barabara kuu ya Tanzam pale Makambako anaijua honi ya lori: likikaribia sauti ni nyembamba, likishapita inakuwa nene. Mwanga nao hurefuka chanzo chake kinapozidi kuwa mbali nasi, na mwanga uliorefuka huelekea wekundu. Kwa vitu vya mbali sana, sababu ni kutanuka kwa ulimwengu wenyewe. Asilimia 16 ilikuwa na maana ya mwendo wa kilomita zipatazo 47,000 kwa sekunde. Hakuna nyota ya galaksi yetu inayoweza kwenda kasi hiyo ikabaki humu ndani.

Schmidt alimweleza mwenzake Jesse Greenstein, na papo hapo wakaurudia mwanga wa 3C 48. Nayo ikajibu: imesogea kwa asilimia 37. Taarifa zao, pamoja na ile ya Hazard na wenzake, zilitoka katika jarida la Nature Machi 16, 1963. Mwaka uliofuata mwanafizikia Hong-Yee Chiu akavipa vitu hivyo jina fupi ambalo Kiswahili kinalitamka kwasari.

Mawe ya Isimani na mwanga wa angani

Mwanga wa 3C 273 umesafiri takriban miaka bilioni 2 kufika hapa. Namba kama hiyo hupita sikioni bila kuacha kitu, isipokuwa mtu akiwa na cha kushika mkononi. Iringa kipo.

Kaskazini mwa mji wa Iringa, upande wa Isimani, watu wanajua habari za mahindi na ukame. Wanajiolojia wanajua pia miamba iliyopikwa chini sana ya ardhi kwa shinikizo kubwa, ambayo umri wake umepimwa na kukutwa ni kama miaka bilioni 2. Ni miongoni mwa ushahidi wa kale duniani kwamba bamba moja la ardhi liliwahi kuzama chini ya jingine. Mwanga ambao Schmidt aliunasa ulianza safari katika zama hizo za dunia. Haukuwepo mmea hata mmoja nchi kavu.

Na bado, baada ya safari hiyo yote, kitu hicho kinang'aa kiasi kwamba darubini ya wastani ya mtu binafsi inakionyesha. Ukipiga hesabu ya umbali na mng'ao, 3C 273 inatoa mwanga zaidi ya mara trilioni moja ya jua letu. Ni takriban mara mia ya galaksi nzima ya Njia Nyeupe, pamoja na mabilioni ya nyota zake.

Kilichowatisha zaidi wanasayansi ni udogo wake. Harlan Smith na Dorrit Hoffleit walifukua picha za kioo za kituo cha Harvard, za tangu 1887, ambazo 3C 273 ilikuwa imenaswa humo bila mtu kuijali. Wakakuta mng'ao wake unapanda na kushuka. Kitu kinachobadilika ndani ya mwezi mmoja hakiwezi kuwa kipana kuliko umbali ambao mwanga unakwenda kwa mwezi mmoja. Nishati ya galaksi mia, basi, inatoka sehemu ambayo kwa kipimo cha galaksi ni kama nukta.

Nyota huwaka kwa kuunganisha viini vya atomu, na njia hiyo hugeuza chini ya asilimia 1 ya maada kuwa nishati. Haitoshi hata kidogo. Edwin Salpeter wa Marekani na Yakov Zeldovich wa Urusi walipendekeza mwaka 1964 kwamba kuna shimo jeusi linalovuta gesi, na mwaka 1969 Donald Lynden-Bell wa Uingereza akalijenga wazo hilo vizuri zaidi. Gesi haidondoki moja kwa moja. Huzunguka shimo, hujisugua, huwa ya moto kupita kiasi na kutoa mwanga kabla haijamezwa. Kwa njia hiyo asilimia 10 hivi ya maada inaweza kugeuka nishati. Shimo la 3C 273 lina uzito wa mamia ya mamilioni ya majua.

Karibu au mbali?

Haikukubaliwa kirahisi. Wapo waliosema hesabu ya umbali ndiyo yenye kasoro: kwasari zikiwa karibu, hazihitaji nishati ya kutisha hivyo. Hawakuwa watu wadogo. Fred Hoyle na Geoffrey Burbidge walikuwa kati ya wanafizikia wakubwa wa nyota wa zama zao. Halton Arp, aliyekuwa akitumia darubini hiyohiyo ya Palomar, alipiga picha nyingi za kwasari zilizoonekana kukaa ubavuni mwa galaksi za karibu, akashikilia kwamba zilitemwa na galaksi hizo.

Mzozo ulichukua zaidi ya miaka 20. Katika miaka ya 1980 Arp alinyimwa muda wa kutumia darubini za California kwa kazi hiyo, akahamia Ujerumani, ambako aliendelea kuamini hoja yake hadi alipofariki mwaka 2013.

Nadhani Arp alikosea, na ushahidi unaonyesha hivyo. Hata hivyo kumnyima darubini hakukuwa jibu. Jibu lilitoka angani. Mwaka 1979 Dennis Walsh, Robert Carswell na Ray Weymann waliona kwasari mbili pacha zenye mwanga unaofanana kabisa. Ilikuwa kwasari moja, ambayo mwanga wake ulipindwa na uzito wa galaksi iliyo katikati ya njia. Kama galaksi hiyo ya mbali iko mbele, kwasari iko nyuma yake. Baadaye darubini ya Hubble ilionyesha galaksi zinazozizunguka kwasari, hafifu, zikiwa umbali uleule ambao Schmidt alikuwa ameusema.

Picha za mashimo meusi zilizotoka 2019 na 2022, kwanza ya galaksi ya M87 kisha ya katikati ya galaksi yetu, zimekuja kuwaonyesha watu kwa macho kile ambacho kilikuwa hesabu ya karatasi. Schmidt aliishi kuziona zote mbili. Alifariki Septemba 17, 2022, akiwa na miaka 92.

Mbeya panapopasuka

Hapa ndipo kwasari zinaposhuka chini.

Mbeya imekaa mahali pa pekee. Bonde la Ufa kutoka Rukwa, lile la Ziwa Nyasa, na tawi la Usangu linaloelekea Rujewa, yote matatu yanakutana kwenye milima ya volkano ya Rungwe. Ardhi inaachana kwa milimita chache kila mwaka. Ni kidogo, ila haikomi, na mara nyingine hulipa malimbikizo yake kwa pamoja: Desemba 1910 tetemeko la Rukwa lilifikia kipimo cha takriban 7.4, kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki katika karne ile.

Unapimaje milimita tatu kwa mwaka? Ukiweka alama mbili za zege, moja Mbeya na nyingine Songea, zote ziko juu ya ardhi inayotembea. Setilaiti za GPS nazo zinazunguka, na dunia chini yake haizunguki kwa kasi ileile siku zote. Upepo, bahari na matetemeko huiharakisha au kuichelewesha kidogo. Sekunde moja ikigawanywa mara elfu, kosa la kipande kimoja tu cha hiyo ni sawa na kuisogeza Mbeya sentimita 46 kuelekea mashariki au magharibi. Nusu mita hiyo ndiyo ugomvi wa mpaka unaojaza mabaraza ya ardhi ya kata.

Jibu la wanasayansi lilikuwa kutafuta alama nje ya dunia, nje ya galaksi kabisa. Kwasari ziko mbali kiasi kwamba hazionekani kusogea. Darubini za redio zilizo mabara tofauti husikiliza kwasari moja kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na saa ya atomu. Wimbi hufika kwenye moja kabla ya nyingine, na tofauti hiyo ya muda hutoa umbali kati ya darubini na darubini kwa milimita, pamoja na mahali dunia ilipofikia katika mzunguko wake.



Kuanzia Januari 1, 1998 jumuiya ya wanaastronomia duniani iliacha kutumia nyota kama msingi wa vipimo vya anga, ikatumia vyanzo 212, kwasari na jamaa zake. Toleo la sasa, lililoanza 2019, lina vyanzo vya msingi 303. Mfumo wa vipimo vya ardhi wa Tanzania wa TAREF11, uliobuniwa kuchukua nafasi ya ule wa zamani wa Arc 1960, umefungwa kwenye mfumo wa kimataifa wa dunia, ambao nao husimama juu ya vipimo hivyo. Mpima ardhi anayesimika bikoni Mafinga, dereva wa bodaboda anayefuata ramani ya simu Sokomatola, rubani anayeshuka Songwe: wote wameegemea kwasari.

Wapima ardhi na anga wana historia hapa. Kimondo cha Mbozi, chuma cha takriban tani 16 kilichokuwa mkoani Mbeya hadi Songwe ilipopata mkoa wake mwaka 2016, kiliingia katika vitabu vya sayansi mwaka 1930 kupitia taarifa ya mpima ardhi, W. H. Nott. Wenyeji walikuwa wakikijua tangu zamani, na walikuwa na miiko yao juu yake.

Majirani wamo, sisi hatumo

Kwa miongo mingi Afrika nzima imetegemea zaidi darubini moja kwa vipimo hivi, ile ya Hartebeesthoek karibu na Johannesburg, yenye sahani ya mita 26. Beringi yake kuu ilipoharibika mwaka 2008, ilikaa bila kufanya kazi hadi 2010. Bara linalopasuka katikati lilikuwa na mlinzi mmoja, na mlinzi huyo aliugua.

Afrika Kusini sasa ni mwenyeji wa sehemu ya mradi mkubwa wa darubini za redio wa SKA, jangwani Karoo, ambako sahani 64 za MeerKAT zilizinduliwa 2018. Nchi nane za Afrika zimeungana nayo: Botswana, Ghana, Kenya, Madagascar, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Ghana imekwisha kuigeuza sahani ya zamani ya mawasiliano ya simu pale Kuntunse, yenye upana wa mita 32, kuwa darubini ya redio. Vijana wa nchi hizo wamefundishwa astronomia ya redio kupitia programu ya DARA, iliyoanzishwa kwa ushirikiano wa Uingereza na Afrika Kusini.

Tazama ramani. Kenya, Zambia na Msumbiji zinapakana nasi. Kijana wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nchi yake imo. Wa Tunduma, aliyevuka barabara kwenda kununua sukari, nchi yake haimo.

Zipo hoja za kukaa nje, na si za kupuuzwa. Kuna shule Nyanda za Juu Kusini ambazo hazina maabara ya fizikia inayostahili jina hilo, na zahanati zinazosubiri dawa. Mbunge atakayesimama kuomba fedha za kusikiliza kwasari ataulizwa swali hilo na wapiga kura wake, na ana wajibu wa kulijibu. Wengine husema takwimu za dunia zinapatikana bure kwenye intaneti, kwa nini tugharamie kilichokwisha kulipiwa?

Hoja ya zahanati inaniumiza kuliko ya pili, maana ni kweli. Lakini sahani za zamani kama ile ya Kuntunse zilikuwa zimekwisha kujengwa kwa kazi nyingine, na gharama kubwa ya kuzigeuza ni ujuzi wa watu. Ujuzi huo ni wa umeme, redio, kompyuta na saa, uleule unaohitajika kwenye minara ya simu na viwanja vya ndege. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kinafundisha uhandisi wa aina hiyo. Iringa kuna Mkwawa, chuo kinacholea walimu wa sayansi. Sioni kwa nini mwanafunzi wa Mkwawa amalize shahada bila kuambiwa kwamba mistari ya hidrojeni anayoikariri ndiyo iliyofungua kwasari.

Kuhusu takwimu za bure, ni kweli zipo. Ila vituo vingi viko nusu ya kaskazini ya dunia, na pengo liko kwetu, juu ya ufa wetu. Anayepokea hesabu asizoshiriki kuzipima hana namna ya kujua lini zimekosewa upande wake.

Juni, saa mbili usiku

Wakati serikali na vyuo vikijadiliana, shule hazihitaji kusubiri. 3C 273 iko katika kundi la nyota la Mashuke. Katikati ya Juni, mvua zikiwa zimekwisha na baridi imeshika, saa mbili usiku huwa karibu na utosi wa Mbeya na Iringa, nyuzi kama 11 tu kaskazini mwake. Kule Palomar, ambako Schmidt alifanya kazi, haijawahi kuwa juu hivyo. Mwanga wa mji utasumbua katikati ya Jiji la Mbeya. Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, au kijiji chochote cha Kilolo mbali na taa, kunafaa zaidi.

Kinachohitajika ni darubini ya kioo cha sentimita 20, ramani ya nyota za jirani, na mwalimu mwenye subira. Kitaonekana kitone cha mwanga, kisichotofautiana na nyota hafifu nyingine. Mwanafunzi akadirie mng'ao wake kwa kuulinganisha na wa majirani ambao mng'ao wao unajulikana, aandike tarehe na saa, arudie wiki ijayo na mwezi ujao. Chama cha waangalizi wa nyota zinazobadilika cha Marekani, AAVSO, kilichoanzishwa mwaka 1911, hupokea vipimo vya namna hiyo kutoka kwa yeyote duniani, na 3C 273 imo katika orodha yake. Waangalizi wa longitudo ya Mbeya ni wachache, na saa ambazo Ulaya bado ina mwangaza wa jioni ya kiangazi na Marekani ni mchana huwa na watu wachache.